Tuliiona Njombe Desemba, Tukahamia Juni

Desemba 2021 tulikwenda Njombe kwenye harusi ya binti wa baba mdogo wa mume wangu. Tukakaa siku nane. Mvua inanyesha mchana, inakatika, jua linatoka, milima yote kijani kama imeoshwa. Watoto walikula mapichi mpaka matumbo yakawauma. Usiku tulijifunika blanketi moja moja tukaulizana, ndiyo baridi yenyewe hii wanayotutishia? Tuliporudi Dar es Salaam tulishuka kituo cha Magufuli pale Mbezi saa tatu usiku, na kabla hatujapata gari la kutupeleka Mbagala nguo zilikuwa zimelowa jasho. Mume wangu akaweka begi chini akaniambia, "Mke wangu, tunangoja nini hapa?"

Sababu ya kuondoka ilikuwepo. Mkataba wake wa kutunza stoo kwenye ghala moja la Kurasini ulikuwa umekwisha tangu Machi na haukuongezwa. Mimi nashona. Nilikuwa na fremu ndogo Rangi Tatu, lakini tangu corona wateja walipungua, kodi ya nyumba na ya fremu zikawa zinashindana kula kile nilichopata. Tulikuwa na watoto watatu, wa mwisho akiwa bado ananyonya, na kiwanja kimoja Chanika tulichonunua miaka saba nyuma na hatukuwahi kukijengea hata msingi. Tukakiuza kwa shilingi 7,500,000. Hiyo ndiyo ilikuwa akiba yetu yote.

Niliseme mapema ninalolijutia kuliko yote, ili hata asiyemaliza kusoma aondoke nalo: ukitaka kuhamia mahali, nenda ukapaone katika mwezi wake mbaya. Anayetaka kuja Dar aje Aprili, masika yamechanganya na Jangwani kumejaa maji. Sisi tuliiona Njombe ikiwa imevaa nguo za sikukuu, tukafanya uamuzi wa maisha kwa siku nane, halafu tukahamia mwishoni mwa Juni 2022, mwezi ambao wenyeji wenyewe hawatoki nje kabla jua halijapanda.

Nyumba tuliipata kwa picha. Dalali alitutumia picha sita kwenye simu: vyumba vitatu, marumaru nyeupe sakafu nzima, madirisha makubwa ya aluminiamu. Kwa macho ya mtu wa Mbagala hiyo ni nyumba ya ndoto. Kodi ilikuwa 130,000 kwa mwezi, mwenye nyumba akataka miezi sita kwa mkupuo, na dalali akachukua kodi ya mwezi mmoja kama ilivyo kawaida yao. Hatukuuliza swali hata moja ambalo mtu wa Njombe angeuliza. Juu kuna dari au ni bati tupu? Jua la asubuhi linaingia upande gani? Nyumba iko mlimani au bondeni? Ilikuwa bondeni, karibu na kijito, jua linaifikia saa nne asubuhi, na vyumba viwili kati ya vitatu havikuwa na dari. Yale marumaru tuliyoyapenda yalikuwa yanauma nyayo kama barafu. Majirani zetu wenye uwezo walikuwa wametandika mazulia ukuta hadi ukuta na kupigilia dari za mbao.

Kuhusu mizigo, hapa tulipata bahati kwa ushauri wa jirani yetu wa Mbagala ambaye ni kuli. Wenye magari ya kukodi walitutajia milioni moja na nusu na zaidi. Yeye akatuambia twende masokoni, Mabibo au Ilala, tukatafute fuso iliyoleta viazi kutoka nyanda za juu. Gari likishashusha linarudi tupu au na mzigo kidogo wa madukani, na dereva yuko tayari kupatana. Tukapatana 800,000. Ningemshauri yeyote anayehama kuelekea Iringa, Njombe au Mbeya aanzie hapo. Lakini kosa letu ni kwamba tulilipa pesa zote siku ya kupakia. Dereva akapita kupakia mzigo wa mtu mwingine Morogoro, akalala Ilula, akafika siku mbili baada yetu. Lipa nusu, nusu nyingine aipate mzigo ukishashuka mlangoni kwako.

Sisi tulipanda basi la alfajiri. Watoto walikaa madirishani Mikumi nzima wakihesabu twiga na swala. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, tukapanda Kitonga gari likilia kwa gia ndogo, tukapita Iringa, Mafinga, na pale Makambako tukaiacha barabara ya Mbeya tukakunja kushoto. Nilipofungua dirisha Makambako hewa iliyoingia ilinikata pumzi. Bado kilometa kama 60 kufika.

Usiku ule wa kwanza ndio nilioelewa tulichokifanya. Mablanketi, magodoro, masweta machache tuliyokuwa nayo, vyote vilikuwa kwenye fuso. Sisi tulikuwa na begi la nguo za safari, kanga zangu nne na mashuka mawili. Tulitandika mkeka juu ya marumaru, tukawaweka watoto katikati, mimi upande huu na baba yao upande ule. Binti yangu mkubwa alikuwa na miaka kumi. Alinishika mkono akaniuliza, "Mama, hapa ni likizo au ndiyo moja kwa moja?" Sikumjibu. Saa kumi na moja alfajiri mlango ukagongwa. Alikuwa bibi wa nyumba ya jirani, amejitanda blanketi, mkononi ana chupa ya uji. Alisema aliona taa inawaka usiku kucha akajua kuna watu hawajalala. Alipoingia akaona tulivyolala, hakusema neno, alirudi kwake akaleta blanketi mbili.

Basi kama unahama, matandiko ya familia nzima yasafiri na nyinyi, siyo na lori. Na nyaraka pia. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya kliniki ya mdogo, barua ya serikali ya mtaa tuliotoka, zote nilizifungia kwenye sanduku lililokuwa chini kabisa ya fuso, na siku tatu za mwanzo kila ofisi niliyokwenda iliniuliza karatasi ambayo sikuwa nayo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia mikono inatetemeka.

Wiki ya pili ya Julai tulishajifunza kuwasha jiko la mkaa jioni na kuliingiza chumbani ili kupasha joto. Kila mtu anafanya hivyo, tuliona. Tusichokiona ni kwamba wenyeji hulitoa kabla ya kulala. Sisi tulilala nalo. Na kwa kuwa upepo ulikuwa unapenya, mume wangu alikuwa ameziba nafasi zote za dirisha kwa matambara, na chini ya mlango tumesukumia kipande cha blanketi. Tulilala watu watano chumba kimoja, kile chenye dari, jiko liko pembeni limeshakuwa jekundu, halina moshi hata kidogo. Nilidhani hatari ya mkaa ni ule moshi wa mwanzo.

Niliamshwa na mtoto mchanga. Hakuwa analia, alikuwa ananung'unika kwa sauti ya mbali kama yuko nyumba nyingine. Nikajaribu kusimama nikaanguka. Kichwa kilikuwa kinagonga kama kinapigwa nyundo, miguu haina nguvu. Mtoto wa kati alikuwa ametapika usingizini. Mume wangu nilimwita, nikampiga kofi, hakuamka. Sijui nilifikaje mlangoni. Nilitambaa, nikavuta lile blanketi, nikafungua, nikaanza kuwaburuza watoto mmoja mmoja mpaka ukumbini, huku napiga kelele. Bibi jirani na kijana wake wakaja, wakamtoa mume wangu nje kwenye baridi, wakatutafutia bajaji. Hospitali wakatuwekea oksijeni, na muuguzi wa zamu akanieleza taratibu, bila kunifokea: mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na mkaa mwekundu usio na moshi huitoa vilevile. Ukiwa umelala hujui unachukuliwa. Akasema, "Dada, mshukuru huyo mtoto."

Namshukuru kila siku. Usilale na jiko la mkaa chumbani, hata usiku mmoja, hata kama wengine wote wanakuambia wamelala nalo miaka. Pasha chumba joto jioni huku dirisha limeachwa wazi kidogo, kisha toa jiko nje kabisa kabla hamjapanda kitandani. Ndani ya matandiko weka chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa. Laleni chumba kimoja miezi hiyo ya baridi kali. Na pesa ya kwanza utakayopata, kabla ya kochi na televisheni, nunua mablanketi mazito.

Shule nayo ilitufunza. Mtoto wa pili alikuwa darasa la pili, uhamisho wake ulikwisha ndani ya wiki chache: barua ya mwalimu mkuu wa zamani, namba yake ya PREM, ile ya utambulisho wa mwanafunzi, basi. Yule mkubwa alikuwa darasa la nne. Huku tukaambiwa ameshasajiliwa kufanya upimaji wa kitaifa kwenye shule yake ya Dar, na usajili ukishafungwa mtahiniwa hahamishwi. Angeweza kukaa darasani huku, lakini mtihani akaufanyie Mbagala. Oktoba nikafunga safari naye, basi kwenda na kurudi, tukalala kwa dada yangu siku nne, karibu laki mbili zikateketea. Mwenye mtoto wa darasa la nne au la saba aulize jambo hili kwa mwalimu mkuu mwanzoni mwa mwaka, kabla hajauza hata kijiko. Kama inawezekana, hameni Desemba mtoto akishamaliza mwaka.

Pengine kwa huyo mkubwa gharama kubwa haikuwa hiyo. Mchana wenzake wakicheza walikuwa wanazungumza Kibena, naye amesimama pembeni. Alirudi nyumbani siku moja akaniambia wanamwita "wa Dar", na kwamba anaona aibu kusema "shikamoo" kwa sababu wao kwanza husema "kamwene". Nikaanza kujifunza naye. Tulikuwa tunasalimiana wenyewe kwa wenyewe jikoni, kamwene, kamwene, hadi ulimi ukazoea. Ilichukua miezi mitano kabla hajaleta rafiki nyumbani.

Kwenye kazi, sote wawili tulikosea, kila mmoja kwa njia yake. Mimi nilikuja na madera 64 niliyoyashona Mbagala nikitegemea kuanzia biashara. Dera ni vazi la joto. Nani avae dera Julai Njombe? Nilikaa kwenye fremu mwezi mzima nikauza mawili. Mengi niliyarudisha Dar kwa basi, dada akayauza kwa hasara. Kilichonipa riziki sikukipanga. Mwanamke mmoja aliingia na koti la mtumba zipu imekufa, nikambadilishia. Kesho yake wakaja watatu. Hapa kila mtu ana koti, na kila koti iko siku zipu yake itaharibika. Nikaagiza zipu kwa dazeni kutoka Kariakoo, nikaanza kupunguza na kupanua makoti, halafu masweta ya shule, halafu sare. Fundi akihama asibebe bidhaa za alikotoka. Abebe cherehani na akae wiki mbili anatazama watu wamevaa nini.

Mume wangu alikuwa na haraka. Nampenda na ameniruhusu niyaandike haya. Mwanamume aliyekaa bila kazi zaidi ya mwaka hawezi kuambiwa asubiri. Alikodi ekari moja ya vinyungu, yale mashamba ya bondeni yanayolimwa kiangazi, akanunua mbegu ya viazi, dawa na mbolea. Baba yake mdogo alimwambia, "Mwanangu, bondeni Julai sakitu huchoma. Ngoja Agosti ifike katikati." Yeye akaona wengine wanapanda, hakutazama kwamba wao walipanda juu kwenye mteremko. Viazi vikachipua vizuri kweli. Usiku mmoja mwanzoni mwa Agosti anga likawa jeupe, halina wingu, na asubuhi shamba zima lilikuwa limefunikwa umande ulioganda, ndiyo sakitu yenyewe. Mchana majani yakawa meusi kama yamepitiwa na moto.

Alikaa ukingoni mwa lile shamba mpaka jioni. Nilimfuata na chai ikapoa mkononi.

Kilichoongeza uchungu ni mbolea. Mwaka ule bei za mbolea zilipanda dunia nzima, na Julai sisi tulinunua mfuko kwa zaidi ya laki moja na ishirini. Siku ya Nane Nane, Agosti 8, Rais Samia akazindua pale Mbeya mpango wa mbolea ya ruzuku, na mfuko kama ule ukashuka hadi elfu sabini kwa mkulima aliyeandikishwa. Mgeni asijidanganye kwamba kuandikishwa kutamfuata alipo. Ilibidi twende kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mtendaji, tutambulike kwanza kama wakazi. Hilo tungelifanya wiki ya kwanza. Fika, pumzika siku moja, siku ya pili nenda kwa balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti mkajitambulishe wewe na mwenzako. Huko ndiko kunakoanzia barua zote utakazozihitaji, na pia ndiko watu wanakojua kuwa mpo.

Ilipofika mwisho wa Oktoba nilikaa chini nikahesabu. Shamba, na kila kilichofukiwa ndani yake, karibu 2,600,000. Madeni tuliyoyalipa Dar kabla ya kuondoka 1,400,000. Kodi na dalali 910,000. Fuso 800,000. Nguo za baridi na mablanketi 350,000. Hospitali, nauli, safari ya mtihani, na kula kwa miezi ile ambayo hakuna aliyeingiza cha maana. Katika 7,500,000 zilibaki chini ya laki tatu. Kama ningerudi nyuma, nusu ya pesa ya kiwanja ingekaa benki bila kuguswa mwaka mzima, na shamba la kwanza lingekuwa robo ekari.

Tuligombana sana kipindi kile. Zaidi ya ugomvi, tulinyamaziana. Nilikuwa nampigia dada yangu nikiwa nje ili nisisikike nikilia. Watu husema kuhama kunajenga familia. Mimi naona kunazileta mezani nyufa zote mlizokuwa mmezizoea. Kilichotusaidia ni kwamba siku moja tulikubaliana tusitamke neno "ulisema" kwa mwezi mmoja. Wewe ulisema tuhame, wewe ulisema kiwanja kiuzwe. Neno lile tuliliacha, na kwa kweli maongezi yakarudi.

Kuna siku moja katika miezi ile ambayo naikumbuka kwa wema. Ilikuwa Sensa. Karani alikuja, msichana mdogo mwenye kishikwambi, akauliza nani na nani walilala katika nyumba hii usiku wa kuamkia Agosti 23. Nikataja majina matano. Akaandika. Tukahesabiwa Njombe. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikarudi ndani nikakuta mume wangu anapigilia ubao wa kwanza wa dari kwenye chumba cha watoto, mbao ambazo baba mdogo alimpa bila malipo na bila kumkumbusha lolote kuhusu sakitu.

Novemba tulipanda tena, robo ekari, kwa mbegu tuliyokopeshwa na baba mdogo. Machi tukavuna. Bei ilikuwa chini kwa sababu kila mtu alikuwa anavuna, na mnunuzi akataka lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, ingawa sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Tulikataa, tukauza kwa ndoo sokoni kidogo kidogo. Faida haikuwa kubwa lakini haikuwa hasara. Mwezi uleule mume wangu akapata kazi ya kuandika makreti kwenye kituo cha kukusanyia parachichi, kazi ya stoo ileile aliyoifanya Kurasini. Pembeni tumepanda miche 40 ya parachichi aina ya Hass, na kwa kuwa miche iliyobebeshwa huchukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa, hatukuihesabu kwenye bajeti ya nyumba. Tulihamia pia nyumba nyingine, ndogo zaidi, mlimani, sakafu ya saruji, dari ya mbao. Jua linatufikia saa moja na nusu.

Watu wa Dar hunipigia simu. Mara nyingi ni rafiki wa rafiki, amechoka na foleni na joto, ameona picha za mashamba ya chai na parachichi, anataka kujua kodi ni kiasi gani. Mwaka jana alinipigia kaka mmoja mwenye watoto wanne, tayari ameshapata mnunuzi wa nyumba yake. Nikamwomba kabla hajapokea pesa yoyote aje na mkewe mwezi wa saba, nitawalaza kwangu usiku tatu. Wakaja. Usiku wa pili mke wake alikaa na mimi jikoni mpaka saa sita, ananiuliza kuhusu jiko, kuhusu shule, kuhusu pesa zilizobaki Oktoba. Asubuhi walikata tiketi ya kurudi. Baada ya wiki tatu yule kaka alinipigia akasema hawajauza nyumba, wameipangisha, na wao wamehamia Morogoro.